Sare ya Nyigu

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni kiuno. Nyigu ana kiuno cha kweli: kifua kinaisha, tumbo linaanza, na katikati pamebaki uzi tu, hadi unajiuliza chakula kinapitaje hapo. Nondo hana kiuno. Nondo anayemuiga nyigu ni mnene kuanzia kifuani hadi mkiani, lakini mwilini ana mikanda ya rangi iliyokaa mahali pazuri, kiasi kwamba ukimtazama haraka jicho lako lenyewe linamchongea kiuno.

Cha pili ni mdomo. Nyigu ana taya. Nondo ana mrija wa kunyonya, na asipoutumia anaukunja kama springi ya saa. Cha tatu ni mabawa, na hapa ndipo utamu ulipo. Mabawa ya nondo wa kawaida yamefunikwa na magamba madogo sana, ule unga unaobaki kidoleni ukimshika. Nondo wa ukoo wa Sesiidae wanatoka kwenye kifukofuko na magamba machache yaliyoshikilia kwa shida, na mengi yanapukutika wakiruka mara ya kwanza. Bawa linabaki linaonyesha upande wa pili, kama karatasi ya nailoni. Lakini chungulia pembeni: ukingoni na kwenye mishipa magamba bado yapo. Hapo ndipo anapojulikana.

Nilijifunza haya nyumbani kwa shosho, juu kidogo ya mji wa Embu, njia ya kwenda Kianjokoma, ambako nilikaa miezi mitatu nikifanya kazi za laptop. Asubuhi, kabla ya mtandao kukaa sawa, nilikuwa nazunguka shamba na simu mkononi. Kuna kahawa, migomba, mikadamia miwili, na nyuma ya jikoni kuna kipande cha viazi vitamu. Hicho kipande kilikuwa na shida. Marando, yale mashina yanayotambaa, yalikuwa yanakauka moja moja. Chini karibu na udongo shina lilikuwa limevimba, na ukilivuta kidogo linakatika. Ndani kulikuwa na vijia, kama mtu amepitisha waya wa moto.

Nilichukua kipande kilichovimba, nikakiweka ndani ya chupa ya plastiki, nikafunga mdomo kwa kitambaa cha neti ya mbu. Siku zilipita hadi nikakisahau. Halafu asubuhi moja kukawa na mdudu ndani: mweusi-kahawia, mikanda ya manjano hafifu, mabawa ya kioo. Shosho alimwona kabla yangu. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Nyigu! Toa hiyo kitu jikoni kwangu."

Nilimwambia si nyigu, ni nondo, na ndiye mama wa wale viwavi wanaomaliza viazi vyake. Hakuniamini mpaka nikamwonyesha picha niliyoikuza kwenye simu. Afrika Mashariki inajulikana kuwa na spishi mbili za nondo hawa wa viazi vitamu, Synanthedon dasysceles na Synanthedon leptosceles. Majina yanatoka kwenye Kigiriki, na yanahusu miguu: mmoja ana miguu yenye manyoya, mwingine ana miguu myembamba. Wetu alikuwa amevaa manyoya miguuni kama soksi za baridi.

Shosho aliangalia picha kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo limekaa nami tangu siku hiyo: "Kwa hivyo huyu ni mwongo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Kila mtu husema ndiyo. Hata vitabu vya sayansi hujisahau vikasema nondo huyu "anadanganya" ndege, "anajifanya" nyigu. Lakini ukikaa na lile swali unaona lina tatizo. Augustine, askofu wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo, aliandika kitabu kizima kuhusu uongo karibu mwaka 395. Kwake uongo unakaa moyoni kabla ya kufika mdomoni: mtu anajua hili, anasema lile, na anakusudia kukupotosha. Kwa kipimo hicho nondo wa shosho hana hatia kabisa. Hajui kama anafanana na nyigu. Hajawahi kujiona kwenye kioo. Hata hajui nyigu ni nini.

Basi ni nani aliyemchora? Henry Walter Bates, Mwingereza aliyekaa miaka 11 kwenye misitu ya Amazon akikusanya wadudu, alitoa jibu mwaka 1862. Ni ndege. Katika kila kizazi, nondo aliyefanana kidogo zaidi na kitu chenye mwiba aliachwa akataga mayai. Asiyefanana aliliwa. Rudia hivyo kwa vizazi visivyohesabika, na utapata mikanda ya manjano na mabawa ya kioo. Nondo hakujichora. Amechorwa na jicho la anayemwinda.

Ukishaona hivyo, sare ya nondo inageuka kuwa picha ya kitu kingine. Ni picha ya woga wa ndege. Kama ungetaka kujua ndege wa Embu wanaogopa nini, na hujui lugha yao, ungeangalia tu wanyonge wa hapo wamevaa nini.

Sasa twende mlangoni kwa shosho.

Guka alifariki miaka sita iliyopita. Gambuti zake nyeusi ziko pale pale kwenye ngazi, upande wa kushoto wa mlango. Kila siku mbili tatu shosho anazivaa, ingawa ni kubwa kwake, anaenda nazo hadi kwa ng'ombe na kurudi, halafu anaziacha na matope yake. Zikikauka sana, anasema, watu watajua. Getini kuna kibati kimeandikwa MBWA KALI. Mbwa wa mwisho pale kwetu alikufa kabla ya guka. Shosho anaishi peke yake.

Si yeye tu. Nilipokuwa na keja yangu Nairobi, nilinunua shati kubwa la mwanamume pale Gikomba, nikawa nalianika kwenye kamba kila Jumamosi pamoja na nguo zangu. Rafiki zangu wawili walifanya hivyo hivyo na viatu. Hakuna aliyetufundisha. Ni kama tumezaliwa tunajua.

Kama sare ni picha ya woga wa mwindaji, angalia inatuambia nini. Mwizi anayepita njia ya Kianjokoma usiku haogopi mwanamke wa miaka 74 ambaye anaweza kukata mgomba kwa pigo moja la panga. Nimemwona akifanya hivyo. Anaogopa jozi ya viatu visivyo na mtu ndani. Sisi hatukuchagua hiyo rangi. Tulichorwa.

Kwa hivyo swali la shosho linarudi, lakini sasa si la wadudu. Je, mnyonge ana haki ya kutisha kwa kitu ambacho hana?

Immanuel Kant angesema hapana, na alisema hivyo bila kupepesa macho. Mwaka 1797 aliandika makala fupi kuhusu muuaji anayebisha mlangoni kwako akitafuta rafiki yako aliyejificha ndani. Kant alisema hata huyo usimwambie uongo. Tulipoisoma chuoni darasa zima lilicheka. Lakini sababu yake si ya kuchekesha. Alikuwa anasema kwamba neno la kweli si mali yako binafsi. Ni mali ya watu wote. Kila anayedanganya, hata kwa sababu nzuri, anachota kwenye mfuko ambao wengine wanautegemea.

Hapa wadudu wanamuunga mkono, kwa njia ambayo yeye hakuitarajia.

Fikiria woga wa ndege kama chama. Kila nyigu anayemdunga kinda wa ndege anaweka mchango. Kinda anaumia, anajifunza: manjano na nyeusi, achana nayo. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ndege ni hivyo hivyo. Ule mshtuko ndio akiba ya chama. Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia Brazil, alieleza miaka ya 1870 kwamba wadudu kadhaa wenye silaha wakivaa rangi moja wote wanafaidika, kwa sababu gharama ya kuwafunza ndege inagawanywa. Hicho ni chama safi, kila mtu analeta. Nondo wetu wa Bates ni yule mwanachama anayekuja siku ya kugawana tu. Hajawahi kuchanga hata shilingi.

Wakiwa wachache, chama hakitikisiki. Wakizidi, ndege atakula manjano mmoja, atakuta ni mtamu, atakula wa pili. Na siku atakayomla nyigu wa kweli, nyigu ndiye atakayekufa au kujeruhiwa kwa deni la nondo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1960 Jane Brower alitoa matokeo ya jaribio alilofanya na ndege aina ya kwezi. Alichukua mabuu, mengine akayachovya kwenye kwinini, ile dawa chungu ya malaria ambayo wazee wetu wanaikumbuka, akayapaka alama ya rangi. Mengine akayapaka alama ile ile bila kwinini. Halafu akawa anabadilisha kiasi cha waongo. Nilidhani ulinzi ungevunjika waongo wakifika nusu. Haukuvunjika. Hata waongo walipokuwa 60 kwa kila 100, kwezi bado waliyaacha mengi ya yale matamu. Ni walipofika 90 ndipo ulinzi ukaporomoka. Maana yake ni kwamba ubaya wa kweli, ukiwa mbaya vya kutosha, unaweza kubeba uongo mwingi mgongoni. Lakini si wote.

Na si maabara peke yake. Miaka ya 1910, daktari Mwingereza aitwaye Geoffrey Hale Carpenter alikuwa kwenye visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, akichunguza mbung'o wanaoleta malale. Muda uliobaki alikamata vipepeo. Kuna kipepeo aitwaye Pseudacraea eurytus anayeiga vipepeo wengine wenye ladha mbaya, na huku bara, karibu na Entebbe, ambako hao wenye ladha mbaya ni wengi, anawaiga vizuri sana. Kwenye kisiwa cha Bugala wale wa kweli walikuwa wachache kuliko waigaji. Carpenter akakuta huko waigaji wamevurugika: wengi walikuwa wa katikati, nusu huku nusu kule, hawafanani sawasawa na yeyote. Ndege walikuwa hawana somo la kujifunza, kwa hivyo hakukuwa na sababu ya mtu kuvaa sare vizuri. Palipokosekana ukweli wa kutosha, hata uongo ulipoteza umbo.

Nilipoisoma hiyo nilifikiria vibati vya MBWA KALI. Tembea mtaa wowote wa Embu, Meru, au Nairobi uvihesabu. Kisha hesabu mbwa. Leo kile kibati hakimtishi hata mtoto anayeuza mayai. Tumefika Bugala.

Kwa hivyo Kant yuko sahihi kwamba kuna mfuko wa pamoja. Ninachokataa ni mahali anapoanzia hesabu. Anaanza mwenye nyumba anapofungua mdomo. Mimi naanza mapema zaidi, pale mtu alipoamua kuja usiku na mtaimbo. Yeye ndiye aliyechota wa kwanza. Gambuti zilikuja baadaye.

Ndiyo maana siwezi kuweka uongo wote kapu moja. Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, wanasayansi wamemchunguza kwa miaka buibui wa jenasi ya Portia. Anatembea hadi kwenye utando wa buibui mwingine na kuutikisa kwa miguu, polepole, kama mdudu aliyenaswa. Mwenye utando anakuja kula. Analiwa yeye. Huu nao ni uigaji, lakini unaelekea upande mwingine: mwindaji amevaa sare ya mnyonge. Kwa watu tunawajua. Ni yule anayemtumia mama wa duka ujumbe uliotengenezwa ufanane na wa M-Pesa, kisha anampigia akilia kwamba amekosea namba, amrudishie. Ni yule mwenye jaketi la kuakisi mwanga na kitambulisho shingoni anayesema anakagua mita za stima. Nondo anavaa unyigu ili aachwe. Portia anavaa unyonge ili akaribiwe. Wote wawili wanachota, lakini mmoja anachota ili aishi hadi kesho, na mwingine anachota ile huruma yetu yenyewe, ile inayotufanya tumfungulie mtu mlango. Baada yake hatufungui tena, na anayebaki nje ni mtu mwenye shida ya kweli.

Ningeweza kuishia hapo: uongo wa kujikinga sawa, uongo wa kuwinda mbaya, tumemaliza. Lakini lile shamba la viazi linanisumbua. Huyu nondo ninayemtetea ndiye anayemaliza chakula cha shosho. Mbele ya ndege ni mnyonge, mbele ya kiazi ni mwizi. Kunyanyaswa hakumfanyi mtu kuwa msafi, na sote tunamjua mtu aliyeonewa kazini akaja kumalizia nyumbani. Kwa hivyo siwezi kusema mnyonge ana haki kwa sababu ni mnyonge, basi. Ninachoweza kusema ni kwamba sare yake ihukumiwe kwa huyo inayemwelekea. Mikanda ya manjano inamwelekea ndege. Kwa viazi, kuna kesi nyingine, na hukumu yake tuliitoa kwa jembe: tukang'oa marando yaliyovimba, tukapanda vipande safi vilivyokatwa kwenye ncha, tukainulia udongo kwenye mashina ili nondo akose pa kutagia.

Na nyigu wenyewe? Tusiwafanye malaika. Mwiba wa nyigu ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuzwa silaha, kwa hivyo majike tu ndio wanao. Dume la nyigu limevaa manjano na nyeusi lile lile, linavuma vile vile, na halina kitu. Ukilishika litakusukuma na ncha ya tumbo kana kwamba linadunga. Hata ndani ya ukoo wenye silaha, kuna wengi wanaoishi kwa jina la dada zao. Nilimweleza shosho hili. Alicheka hadi akaketi. "Kumbe huko," akasema, "viatu vinavyoogopwa ni vya mwanamke."

Kicheko chake kilinipeleka kwenye gharama ambayo sikuwa nimeihesabu. Gambuti zinapofanya kazi, zinafanya kazi kwa sababu mwizi anaamini nyumba ya mwanamke peke yake ni nyumba tupu. Kila jozi ya viatu mlangoni inamwambia: uko sahihi, endelea kuamini hivyo, ila si hapa. Inamwelekeza kwa jirani asiye na viatu. Shati langu la Gikomba lilinilinda mimi, na papo hapo likathibitisha kwamba mwanamke asiye na shati kama hilo yuko wazi. Nondo hana namna ya kufikiria nondo mwenzake. Mimi ninayo. Hapo ndipo mfano wa mdudu unapoisha na mzigo wa binadamu unapoanza: sisi tunajua tunachota, na tunajua ni kwa nani.

Na kuna siku ndege anashtuka. Kwenye ploti niliyokuwa nikiishi, dada wa ghorofa ya tatu alikuwa ameweka viatu vya mwanamume nje ya mlango kwa zaidi ya mwaka. Viatu vizuri, vya ngozi. Lakini mtu aliyekaa akitazama miezi kadhaa ataona kwamba havisogei, kwamba hakuna mwanamume anayeshuka ngazi asubuhi. Usiku mmoja wa Julai mlango ukavunjwa. Tulisikia nduru. Mimi nilitoka na mwiko wa ugali, sijui nilifikiri nitafanya nini nao, na mwanafunzi wa chini yangu akatoka na ufagio, na soja wa geti akapanda mbio na tochi. Tulikuwa watatu. Milango mingine ishirini na kitu ilibaki imefungwa, ingawa taa zilikuwa zinawaka chini yake. Waliokuwa ndani waliporuka dirishani na kukimbia, dada alikuwa na mkono uliovunjika. Viatu bado vilikuwa mlangoni, vimepangwa vizuri.

Nilimsimulia shosho hadithi hiyo jioni moja tukimenya viazi. Sikumwambia kwa nini, lakini nadhani alijua. Nilitaka kumuuliza kama anajua kwamba gambuti zake ni kibati tu, kwamba siku moja mtu atakaa akitazama. Alinisikiliza hadi mwisho, akatupa maganda kwenye ndoo ya ng'ombe.

"Hizo gambuti hazitishi mtu," akasema. "Zinamchelewesha tu. Anasimama pale, anafikiria kidogo. Mimi hapo napata nafasi ya kupiga nduru. Na nikipiga, unajua ni nani anafika wa kwanza? Mama wa pale ng'ambo, na vijana wake. Hao ndio wananichunga. Si viatu."

Ni kweli. Huko kwao nduru ikisikika usiku hakuna anayeuliza ni ya nani. Nimewahi kuisikia, ya nyumba nyingine, na kabla sijapata tochi shosho mwenyewe alikuwa ameshatoka na panga lake, amevaa zile gambuti.

Nimeifikiria hiyo sentensi yake kuliko nilivyomfikiria Kant. Mdudu mwenye sare na asiye na mwiba anaishi kwa sababu mahali fulani kuna mwiba. Ukiua nyigu wote, na watu wanafanya hivyo, wanachoma viota vyao chini ya paa kila mwaka ingawa nyigu hao hao ndio wanaokamata viwavi shambani na kuwapelekea watoto wao, basi umewavua nondo nguo bila kuwagusa. Kwetu pia. Gambuti za shosho zina nguvu kwa kiasi kile kile majirani wanavyotoka. Kila nduru iliyoitikiwa kwenye ule mlima ni mchango kwenye chama, na kila mjane wa upande huo anaweza kuchota kidogo kwa kuacha jozi ya viatu mlangoni. Kwenye ploti yetu Nairobi akiba ilikuwa watu watatu, mwiko, na ufagio. Mwizi alikuwa amepiga hesabu hiyo kabla yetu.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la shosho ni hili. Mnyonge anayevaa kitisho ambacho hana hatendi ubaya kwa anayemwinda. Lakini anaishi kwa mkopo, na mkopeshaji si mwindaji, ni wale ambao wako tayari kuuma kweli. Swali la maadili ambalo tumezoea kumpelekea mwenye viatu, kwa nini unadanganya, limepelekwa nyumba isiyo yake. Lipelekwe kwa wale wenye milango ishirini. Wao ndio walioacha chama kife, halafu wakamwachia dada wa ghorofa ya tatu ajilinde na ngozi tupu ya viatu.

Nimerudi mjini tangu Septemba. Nina keja mpya, ghorofa ya nne, na sijaanika shati lolote. Badala yake wiki ya kwanza niligonga milango saba, nikajitambulisha, nikaomba namba za simu. Wawili waliniangalia kama ninauza sabuni. Watano walinipa. Mmoja wao, mzee anayefuga njiwa juu ya paa, aliniuliza kama nina shida yoyote. Nikamwambia hapana, nataka tu ajue kwamba akipiga nduru mimi nitatoka.